Gitaa Lilipopiga Magoti

Niseme mwenyewe kabla sijasemewa: mimi ni mtu wa wivu. Mke wangu analijua hilo, na kila mpiga video wa Likasi analijua. Yule kijana mwenye kamera inayoruka, aliyeninyang'anya harusi ya mfanyabiashara wa madini kule Kakanda, amenisalimia sokoni mara tatu, na mara zote tatu nimejifanya nachagua nyanya. Lakini katika miaka yangu yote ya kijicho sikuwahi kumwonea wivu maiti, tena maiti wa mtu ambaye hata kushika kamera ikatulia hakujua. Hilo lilinikuta mwaka jana. Naliandika sasa kwa sababu mama mdogo wangu ameshaanza kulisimulia kwa namna yake, na kwa namna yake mimi ni mwizi.

Kazi hii niliianza enzi za kaseti, wakati kamera ilikaa begani kama mfuko wa unga. Nimepiga harusi, ubatizo, sherehe za diploma, vilio na siku za kuanua matanga. Kuna utaratibu ambao hakuna shule inayoufundisha: unaanza na watu watakaolalamika. Unapiga meza ya heshima, halafu wajomba wa bibi harusi, halafu wasimamizi, halafu padri au pasta, halafu yule aliyeleta friji na anataka ionekane kwamba ni yeye aliyeileta. Mama anayecheza peke yake karibu na mlango wa jikoni unampiga mwisho, kama betri imebaki. Nimeushika utaratibu huo miaka thelathini na sijawahi kurudishiwa kazi. Basi nilijiona fundi.

Asubuhi moja akaja kwenye studio yangu mwalimu mstaafu, mama aliyewafundisha kusoma nusu ya watoto wa mji huu, wa kwangu wakiwemo. Alikuwa amekumbatia kopo la biskuti lililofungwa kwa kitenge. Marehemu baba yake alikuwa fundi umeme kiwandani, akanieleza, na wao bado wanakaa kwenye nyumba ileile ya kambi ya wafanyakazi. Mchwa walikuwa wamekula dari. Walipoibomoa, kopo lilianguka kutoka juu likampiga mwashi begani. Ndani mlikuwa na gurudumu dogo la plastiki lililozungushiwa mkanda mwembamba wa filamu, na kipande cha karatasi chenye mwandiko wa baba yake: *Cercle, dimanche.*

"Papa, hii ni filme ya baba yetu," akasema. "Hatujue iko na nini ndani. Bantu banasema weye njo unaweza kuiamsha."

Nilisoma ile karatasi mara mbili. Mtu yeyote wa Likasi aliyevuka miaka hamsini angejua ni Jumapili gani. Zamani, mimi nikiwa bado sijaanza shule, vijana wa kambi za wafanyakazi waliunda kundi la gitaa za umeme. Hawakupiga rumba kama watu wenye adabu, walipiga roki ya wazungu, na spika walizijenga wenyewe kwa mbao za masanduku. Jumapili moja mchana walipiga kwenye ukumbi wa *cercle*, klabu ya wafanyakazi, na katika wimbo wa mwisho mpiga gitaa akapiga magoti, akaliweka gitaa nyuma ya shingo na kulipiga akiwa amefumba macho, huku wamama wakimtupia vilemba. Hadithi hiyo nimelishwa tangu utoto. Ukumbi ule hauwezi kuchukua hata robo ya watu walioniambia kwamba walikuwemo. Wengine wanasema alilipiga kwa meno. Mzee mmoja wa Kamatanda aliniapia kwamba gitaa lilitoa moshi. Wanamuziki wenyewe wamekufa au wametawanyika, na hakuna aliyekuwa na hata picha moja.

Na sasa ushahidi umekuja, na hakuuleta mtu wa kazi yetu. Umetoka kwenye dari ya fundi umeme. Nilimwuliza mwalimu kama baba yake alisomea mambo ya kamera. Akasema hapana, aliinunua tu kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na mkanda aliopata ulikuwa huo mmoja. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Furaha hiyo haikudumu. Habari zilienea haraka kuliko harufu ya asidi ya kiwandani siku ya upepo. Sijapata hata projekta ya kuitazamia, watu wananisimamisha njiani: "Papa, filme ya gitaa iko tayari?" Mama wa maandazi ananiuliza. Polisi wa barabarani ananiuliza, na wiki hiyo hakutazama karatasi za pikipiki yangu. Katika miaka thelathini, aliyenisimamisha njiani kwa ajili ya filamu yangu alitaka kujua kwa nini imechelewa. Mwalimu akaomba ukumbi wa parokia kwa Jumapili moja ili mji wote uje kuona. Kwa video zangu, hata waliooa na kuolewa ndani yake huangalia mara moja, wakigombana nani alikuwa mnene.

Projekta niliipata kwa padri mmoja mzee aliyestaafu, ambaye zamani alikuwa akiwaonyesha watoto wa katekismu filamu za watakatifu. Ilikuwa kabatini chini ya viatu vyake. Mpira wa kuzungushia magurudumu ulikuwa umeoza, nikakata mwingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli na kuujaribu mara nne mpaka ukakaa. Taa ilikuwa moja tu, na padri akaniambia kwamba ikiungua, hata Lubumbashi hatutaipata. Kwa hiyo hakuna kujaribu. Tulitundika shuka jeupe ukutani, nikaiweka kamera yangu kwenye miguu mitatu iangalie shuka, nikasubiri umeme urudi. Bwawa la umeme la Koni liko hapo tu kwenye mto Lufira, maji yanamwagika mchana na usiku, lakini sisi majirani wa bwawa tunapata umeme migodi ikishashiba. Uliporudi, nikabonyeza.

Filamu haina sauti, nilijua hilo. Lakini jinsi ilivyokuwa mbaya sikutegemea, na nakiri ubaya ule ulinipa raha. Sekunde za kwanza ni kiganja cha mkono. Halafu sakafu. Halafu vijana wanne jukwaani, suruali zao pana chini kama mifagio, nywele zimejaa kama vichaka, na wawili kati yao hawana vichwa kwa sababu fundi umeme wetu amewakata. Picha inatetemeka. Inatafuta mwanga, inaupoteza. Mwimbaji amevaa miwani myeusi ndani ya nyumba na hakuna hata mara moja aliyokaa katikati ya picha. "Eti huyu ndiye," nikamwambia padri. Nikaanza kuhesabu makosa kwa sauti kama mtu anayesali rozari.

Mpiga gitaa akasogea mbele. Nikanyamaza. Alikuwa mwembamba, mdogo kuliko nilivyomtunga kichwani, shati limemganda mgongoni. Akainama. Goti la kwanza likaanza kushuka.

Na hapo, wakati uleule ambao mji mzima umeusubiri miaka yote hii, mjinga yule akageuza kamera.

Nilipiga kelele. Padri alishtuka akadhani taa imeungua. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtukana marehemu, na mdomo ukabaki wazi, kwa sababu kwenye shuka alikuwa amesimama mama yangu.

Alikuwa kijana, labda miaka ishirini na tano. Kilemba kimeteleza nyuma, kitenge cha ndege, kikombe cha munkoyo, togwa yetu ya mahindi, mkononi. Alikuwa anacheza. Anacheza roki kwa mabega, goti moja linaenda huku na jingine kule, na munkoyo unamwagika na yeye hajali. Huyu ni mama aliyetuambia watoto wake wote sita kwamba gitaa za umeme ni ngoma ya shetani, mama wa rozari saa kumi na moja asubuhi. Akageuka akamwona mwenye kamera. Akamwambia kitu, akipunga mkono kama anayefukuza kuku. Halafu akacheka, mdomo wazi.

Inabidi nieleze kuhusu ule mdomo. Mama alikuwa na pengo mbele, jino la juu, na aliliona aibu maisha yake yote. Hakucheka bila kuziba mdomo kwa kiganja. Nilimjua miaka thelathini na zaidi, nilinyonya kwake, nilimzika, na sikuwahi kuona kicheko chake chote. Yule fundi umeme alipewa bure, Jumapili mchana, mbele ya watu.

Kamera ikarudi jukwaani. Mpiga gitaa alikuwa ameshasimama, anapangusa jasho. Filamu ikaisha baada ya muda mfupi, shuka likabaki jeupe. Padri akaniuliza kama kazi imekwenda vizuri. Nikasema ndiyo, nikakusanya waya zangu vibaya, jambo ambalo silifanyi kamwe.

Nyumbani nilifunga mlango wa studio nikapima kwa kompyuta. Mama alikaa kwenye picha sekunde kumi na moja.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mimi niliyewahifadhi mama za watu wote wa mji huu, wa kwangu sikuwa naye. Niliwahi kuwa naye. Enzi za kaseti nilimpiga uani kwetu, dakika arobaini, akichekecha unga wa bukari, ugali wetu, na kunigombeza kwamba nampiga akiwa na nguo ya kazi. Kaseti ile ilikaa juu ya kabati. Wapiga video wote wa enzi ile walikuwa na kaseti ya nyumbani, na wote watakwambia ilikuwa ni ya nini: ni akiba. Kaseti zikikosekana sokoni unafuta ya nyumbani, kwa sababu watu wa nyumbani hawalalamiki. Jumamosi moja nilikuwa na harusi ya mtoto wa mkubwa fulani, maduka yote yamefungwa, na kaseti imepungua moja. Nilikuwa nazunguka sebuleni kama kuku anayetaka kutaga. Mama mwenyewe akaenda kabatini, akaishusha, akaipangusa vumbi kwa kitenge.

"Kamata hii, mwana. Usipoteze kazi juu yangu," akasema. "Minye niko hapa tu, unaniona kila siku."

Nikaikamata. Nikarekodi juu yake meza ya heshima, na wajomba, na friji. Miezi minne baadaye mama akafa kwa malaria iliyopanda kichwani. Ile harusi yenyewe ilivunjika.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo amekaa mbele ya kompyuta, anarudisha nyuma zile sekunde kumi na moja, mara ya ishirini, mara ya thelathini. Nililia, ndiyo. Lakini nisiwadanganye kwamba nililia tu. Nilikuwa na hasira. Huyu mwanaume alikuwa nani hata mama amchekee hivyo? Kwa nini ameacha gitaa, jambo lililowatoa watu wote nyumbani kwao, akamgeukia mke wa mtu? Baba yangu alikuwa mtu wa tanuru, na Jumapili za namna ile mara nyingi alikuwa kwenye zamu. Nilianza kupiga hesabu za ajabu. Nilichukua kioo nikatazama pua yangu. Ndipo nilipojionea haya mwenyewe, nikakirudisha kioo ukutani, lakini wivu haukurudi ukutani pamoja nacho.

Mtu mmoja angeweza kunisaidia: mama mdogo wangu, mdogo wake mama, aliyebaki peke yake katika watu wa umri ule kwetu. Anakaa kwa binti yake upande wa pili wa mji, amevuka sabini, magoti yamemgomea lakini ulimi bado. Sikwenda kumwuliza. Niliogopa atanijibu.

Nilichofanya ni hiki. Nilitengeneza filamu mbili. Moja kamili, nikaificha ndani kabisa ya kompyuta, chini ya jina la faili la ankara za umeme, mahali ambapo hata mke wangu hawezi kupekua. Nyingine ya watu, nikaikata zile sekunde kumi na moja na kuziba pengo vizuri sana, maana kukata najua. Mwalimu alipokuja nikampa gurudumu lake na kopo lake, nikamwambia kwamba pale katikati filamu imeungua kidogo kwa uzee. Kwa gurudumu sikuwa na hofu, taa ya padri ilikuwa imekufa siku ileile tuliyoitazama, na nani mwingine angelitazama?

"Kama imeungua, basi," akasema. "Mungu amesaidia kubakisha hii." Akanishukuru kwa mikono miwili.

Ukiniuliza sababu, ningekujibu siku ile kwamba namlinda mama na midomo ya watu. Uongo. Sikutaka mji umpokee mama yangu kutoka mkononi mwa mtu yule. Nilitaka awe wangu peke yangu, na yeye fundi umeme abaki na vichwa vyake vilivyokatika. Wanasema mchawi mpe mwana akulelee. Mwalimu alinipa mwana, na mimi nikamlea nilivyotaka.

Jumapili yenyewe ukumbi wa parokia ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Tuliziba mwanga kwa mablanketi. Wazee walikuja na suti zenye harufu ya naftalini, wamama wa parokia wakachemsha viazi na kuleta munkoyo kwenye ndoo. Niliweka kompyuta na mashine ya kuonyeshea, nikiwa nimevaa shati jipya, kwa sababu nilijua mwisho watasimama kumshukuru aliyeiokoa filamu. Mbele kabisa waliweka viti vya wazee. Nikiwa nahangaika na waya nikasikia fimbo inagonga sakafu: mama mdogo, ameletwa kwa pikipiki, binti yake amemshika kiuno. Akanipungia. Nikajifanya nafunga waya.

Filamu ikaanza. Walipotokea wale vijana wanne, ukumbi ulilipuka. Watu walitaja wanamuziki mmoja mmoja, hata wale wasio na vichwa waliwatambua kwa viatu. Mzee mmoja akalia kwa sauti kwa ajili ya mpiga ngoma, aliyekuwa kaka yake. Mimi nimesimama nyuma ya mashine yangu, nasikia makofi, najua hata moja si langu. Mpiga gitaa akasogea mbele. Goti likaanza kushuka.

Na hapohapo yuleyule ameshasimama, anapangusa jasho.

Wazee wa mbele wakainua shingo. Halafu:

"Iko wapi magoti?"

"Umekata! Huyu papa amekata!"

"Rudisha nyuma! Tulingojea miaka yote hii, unatukatia magoti?"

Nikasema filamu imeungua pale. Nikasema kwa sauti ya fundi, sauti ninayotumia kwa wateja. Mtu wa dirishani akapiga kelele kwamba mimi nataka kuuza hiyo sehemu Lubumbashi. Mwalimu aliinuka kunitetea, maskini, akasema ni kweli imeungua, yeye ameambiwa. Ndipo fimbo ikagonga sakafu mara tatu.

"Nyamazeni," akasema mama mdogo. Hakuhitaji kipaza sauti. "Hakuna mwenye alikata magoti. Ule mwanaume wa kamera hakupigaka filme ya magoti hata kidogo. Wakati ule alikuwa napiga yaya wangu, dada yangu mukubwa. Minye nilikuwaka pembeni yake, nilishika sac ya yaya, mufuko wake. Mwana, iko wapi yaya wangu?"

Ukumbi wote ukanigeukia. Shati langu jipya lilikuwa limenilowa.

"Alimupiga juu ya nini?" Hilo lilinitoka mimi. Nilikuwa nimetaka kulisema kwa siri kwa wiki nzima, na nikalisema mbele ya parokia nzima, tena kwa hasira, kama mume aliyefumania.

Mama mdogo aliinua fimbo akaninyooshea. Halafu akaanza kucheka.

"Weye! Uko na wivu juu ya muntu mwenye kufa?" Watu wakacheka naye. "Alimupiga juu alikuwa nacheka. Basi. Yaya wangu hakukuwa nacheka kila siku. Baba yako alikuwa ku kazi, njo alituambia twende, alitupa na makuta ya kuuza munkoyo, yale mafranga ya zamani. Na yaya alimukataza ule mwanaume, nilisikia na masikio yangu. Alisema, 'Weye, usipoteze filme yako juu yangu. Minye niko hapa tu, munaniona kila siku. Piga banamuziki.' Ule mwanaume akacheka, akaendelea tu kupiga."

Nakumbuka mkono wangu juu ya kompyuta, unatafuta faili la ankara za umeme, unabonyeza pasipo penyewe, unarudi. Nikaiweka ile kamili tangu mwanzo.

Gitaa likasogea, goti likashuka, na mama akaingia. Ukutani alikuwa mkubwa kuliko kwenye shuka la padri, pengo lake kubwa kama dirisha. Sijui nilitegemea nini. Labda kwamba watu wangevua kofia. Mzee wa Kamatanda, yule wa moshi, akanung'unika kwa sauti: "Ah, huyu mama anatuzibia! Aliacha gitaa juu ya huyu?" Wengine wakamwunga mkono. Nyuma, karibu na ndoo za munkoyo, mama mmoja akaanza kucheka kwa sababu aliyeko ukutani anacheka, na jirani yake naye, mpaka benchi lao lote. Mama mdogo alikuwa ameegemea fimbo, ananyoosha kidole ukutani na kuwaambia walio karibu naye: njo yeye, njo yeye. Sekunde kumi na moja ziliisha na mpiga gitaa akapangusa jasho.

Wakaomba irudiwe, kisha irudiwe tena. Waliomba kwa ajili ya wale vijana na zile suruali, si kwa ajili ya mama, najua. Kuhusu magoti walianza kubishana upya palepale, na mpaka leo mzee wa Kamatanda anashikilia moshi.

Watu walipokwisha kutoka, nilibaki nazungusha waya. Mwalimu alibaki pia, anakunja mablanketi, moja baada ya jingine, bila haraka. Nilijua anasubiri.

"Papa, ulisema imeungua," akaniambia.

"Nilisema hivyo."

"Uliniambia ukiniangalia mu macho haya."

"Ndiyo, mwalimu."

Alikunja blanketi jingine. Nilitaka anitukane kama ambavyo alikuwa akiwatukana wanafunzi wake, ingekuwa rahisi. Badala yake akavuta kiti, akakaa, akatazama ukuta uliokuwa mtupu. Akasema mzee ndugu wa mpiga ngoma amemsimulia mlangoni sasa hivi: baba yake hakuionyesha filamu ile kwa mtu mwingine, kwa sababu vijana wa kundi, walipoitazama, walimkasirikia kwa kuyakosa magoti. Walimwambia ameharibu. Ndiyo maana aliiweka darini, ndivyo mwalimu alivyodhani, na hakununua mkanda mwingine.

"Banasema hakujuaka kazi," akasema. "Nawe ni fundi. Nambie kweli. Alijua ao hakujua?"

Wiki chache kabla ningemjibu haraka. Ningemtajia kiganja, sakafu, vichwa. Nilizungusha waya mpaka mwisho, nikaufunga kwa mpira, nikauweka mfukoni. Kisha nikamweleza kuhusu kaseti ya nyumbani, jambo ambalo hata kaka na dada zangu hawakuwa wanalijua. Nilimweleza na maneno ya mama alipokuwa akinipa. Alinisikiliza mkono shavuni.

"Alijua kazi, mwalimu," nikasema. "Mama alituambia maneno yaleyale, baba yako na mimi. Mimi nilimtii."